Kazi za mikono: Mashini yenye kiu

Mwanafunzi mmoja wa shule ya ufundi, mzaliwa wa pwani ya Tanganyika, ametuandikia barua ya kurasa tatu. Baba yake ana chombo cha mbao chenye mashini ndogo ya mazutu, nacho hupakia unga na watu kwenda, ndakala na watu kurudi. Mashini ile huwaka vizuri asubuhi, na ikienda polepole haina neno. Bali ikisukumwa kwa nguvu muda wa saa moja au mbili, saa ya joto hupanda, mvuke hutoka, na abiria huanza kuulizana. Jirani amemshauri baba aing’oe themostati aitupe ziwani, kwa maana wavuvi wengi wamefanya vile na vyombo vyao vyatembea. Kijana auliza: je, jirani asema kweli?

Twamjibu mara moja, asije akachelewa: themostati isitupwe. Sababu tutazieleza mbele kidogo. Kwanza twataka wasomaji wetu wote, hata akina mama wasiogusa mashini lakini hupanda chombo pamoja na watoto wao, wajue maji yafanya kazi gani ndani ya chuma kile.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyevumbua mashini ya namna hii, alifaulu kuonyesha mashini yake ya kwanza yenye nguvu ya kweli mjini Augsburg mwaka wa 1897. Haina cheche ya umeme ya kuwashia mafuta. Pistoni hubana hewa kwa nguvu hata hewa yenyewe ikawa moto, ndipo mazutu hunyunyizwa, nayo huwaka yenyewe. Joto la mwako ule hupita digrii 1,000 kwa mbali. Sasa, katika mashini ndogo kama zetu, tukigawa joto la mazutu mafungu matatu, karibu fungu moja tu ndilo linalozungusha parapela. Fungu la pili latoka na moshi. Fungu la tatu laingia katika chuma, na maji ndiyo hulichukua na kulitoa nje. Maji yakikosekana, fungu hilo halina njia. Chuma hutanuka, mafuta ya kulainisha huwa mepesi kama maji, pistoni hukwama ndani ya silinda, au kichwa cha mashini hupinda na kupasuka. Baba wa kijana huyu alinunua mashini ile kwa akiba ya miaka mingi, na mashini iliyokwama namna hiyo mara nyingi haitengenezeki tena kwa fedha za mvuvi.

Kuna namna mbili za kupoza. Katika namna ya kwanza, pampu huvuta maji ya ziwa kupitia bilula, yaani robine iliyowekwa chini ya chombo, huyapitisha kwenye chujio, kisha moja kwa moja ndani ya mashini, na mwishowe huyatupa nje pamoja na moshi. Katika namna ya pili, ndani ya mashini kuna maji yake yenyewe yanayozunguka bila kutoka, na maji ya ziwa hupita kando tu, katika kikasha chenye vibomba vyembamba vya shaba, yakiyapoza yale ya ndani. Namna ya pili ina gharama zaidi, lakini mashini hudumu. Kwa maelezo ya barua, mashini ya baba ni ya namna ya kwanza.

Watu husema: “Sisi hatuko baharini, maji yetu hayana chumvi, basi hayadhuru chuma.” Ni kweli nusu. Maji ya Tanganyika hunyweka, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Tazameni miamba ya ufukoni: mahali pengi imefunikwa na gamba jeupe la chokaa. Tazameni pia birika la nyumbani lililochemshiwa maji ya ziwa miezi mingi. Ukoko ule mweupe hauletwi na uchafu wa mpishi. Chokaa huyeyuka vizuri katika maji baridi, lakini maji yakipata moto chokaa hujitenga na kushika ukuta wa chombo. Ndivyo ilivyo ndani ya mashini, na hasa pale penye moto zaidi, karibu na silinda, ambapo jicho haliwezi kufika. Ukoko huo huzuia joto lisipite kutoka katika chuma kwenda katika maji. Hivyo maji yaweza kupita tele, na chuma kikaungua.

Kabla ya kuusingizia ukoko, lakini, fundi mwenye akili huanza na vitu rahisi. Je, maji yatoka nje pamoja na moshi? Hilo ndilo jambo la kwanza kutazamwa kila mara mashini inapowashwa, kabla kamba haijafunguliwa gatini. Maji yatoke kwa mikupuo, kwa nguvu ile ile ya siku zote. Je, chujio ni safi? Zamani tuliokota humo majani na mchanga. Siku hizi twaokota vipande vya mifuko ya plastiki, na karibu na midomo ya mito wakati wa mvua, tope. Je, ukanda wa pampu umelegea? Uubonyeze kwa kidole gumba katikati: ukizama kadiri ya sentimita moja, vema, ukizama zaidi, huteleza, na pampu haizunguki inavyopasa. Je, mipira ya maji ni mizima? Mpira mmoja waweza kuonekana mzuri nje, na ndani ngozi yake imeachana na kuziba njia kila mashini inapovuta kwa nguvu. Uuminye wote kwa mkono. Ukiwa laini kama ndizi mbivu, au mgumu kama ubao, ubadilishwe. Je, parapela imefungwa na kamba ya wavu? Maana mashini inayosukuma mzigo usio wake hupata moto hata kama maji yake ni mengi.

Kisha pampu. Hapa yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, kwa kuwa hatukulisoma katika kitabu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa saba, tulikuwa katika chombo cha parokia, kusini ya Kalemie. Mashini yake ilikuwa ya namna ya pili. Asubuhi tulilisafisha chujio vizuri, tukiwa tumeifunga bilula kama inavyotakiwa. Tulipokuwa tukirudisha kifuniko, tuliitwa: mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa tangu usiku ameletwa kwa machela, na muuguzi wa zahanati asema hatazaa bila hospitali. Tukaacha vyombo, tukampakia pamoja na mama mkwe wake na ndugu wawili, tukawasha, tukaondoka. Hakuna aliyetazama moshi. Hakuna aliyekumbuka bilula.

Baada ya robo saa tulisikia harufu ya mpira unaoungua. Saa ya joto ilikuwa imefika mwisho. Tukazima. Nanga tuliitupa, lakini kamba yake yote iliisha bila kugusa kitu, maana ziwa letu, lenye kina cha mita 1,470 hivi pale penye shimo lake kuu, hata karibu na pwani yake ya magharibi huzama ghafula kama ukuta. Upepo wa kusi-mashariki, ule wa kiangazi, ukaanza kutusukuma kwenye miamba. Ndugu wawili walishika makafi wakapiga kwa zamu. Sisi tulifungua pampu. Ndani ya pampu mna kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita. Yalikuwa yamebaki mawili. Kigurudumu hicho hulainishwa na maji yenyewe yanayopita, kwa hiyo kikizunguka kikavu hata dakika moja chaweza kuharibika. Kwa bahati njema kulikuwa na kingine kipya sandukuni. Tulikitia huku vidole vikiungua, tukafungua bilula, tukajaza maji ya ndani polepole, mashini ilipokuwa imepoa, tukawasha tena. Ilichukua saa nzima. Mama hakulia. Alikuwa ameshika rozari na kutazama mbingu, na mama mkwe wake alikuwa akitutazama sisi.

Alifika hospitali jua likichwa, akapasuliwa, mtoto akatoka mzima. Sasa yuko shuleni, na kila tukimwona twakumbuka bilula.

Lakini habari haikuisha. Mabawa manne yalivunjika. Vipande vitatu tulivipata ndani ya pampu, cha nne hatukukiona, tukasema kimetoka nje. Hakikutoka. Baada ya majuma matatu mashini ikaanza kupata moto tena, nasi tukapoteza siku mbili kuhangaika na ukanda na mipira, mpaka tulipofungua kikasha cha vibomba vya shaba na kukikuta kipande kimelala mdomoni, kimekusanya majani na uchafu mbele yake. Basi, kigurudumu kikivunjika, vipande vihesabiwe. Visipotimia, vitafutwe kwa kufuata njia ya maji, hadi mahali pembamba pa kwanza.

Tangu siku ile tuna desturi mbili. Tukifunga bilula, twatundika ufunguo wa mashini juu ya bilula yenyewe, ili asiweze mtu kuwasha bila kuishika kwa mkono. Na kigurudumu cha mpira hubadilishwa kila mwaka, hata kikionekana kizima, na kingine kikae sandukuni pamoja na karatasi yake ya kuziba. Unapokitia kipya, ukipake sabuni ya maji au gliserini, wala si grisi ya magari, ambayo huulainisha mpira na kuuharibu. Utazame mabawa ya kile cha zamani yalilala upande gani, na kipya kilale upande huo huo.

Tumrudie kijana. Ikiwa yote hayo ni mazima na mashini ingali inachemka, basi ni ukoko, na ukoko hutolewa kwa kitu chenye ukali wa kadiri. Siki ya jikoni yafaa. Unga wa asidi ya ndimu, gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, wafaa zaidi. Msitumie asidi kali ya kusafishia vyoo; hula chokaa upesi, kisha hula na mashini, hasa sehemu za alumini. Wala kamwe msichanganye asidi yoyote na maji ya javeli. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na ndani ya shimo la mashini, pasipo upepo, mtu aweza kufa.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chombo kiwe kimefungwa gatini, na mashini imezimwa na kupoa hata mkono uweze kukaa juu yake. Funga bilula. Fungua tundu la kumwagia maji lililo chini ya mashini, na ikiwa maji hayatoki, usidhani yamekwisha: tope limeziba tundu, ulichokoe kwa waya mpaka maji yatoke kwa kasi. Mara nyingi nusu ya ugonjwa huonekana pale pale, kwa namna ya matope ya rangi ya kutu. Kama kuna kipande cha zinki cha kulinda chuma, kitoe kwanza, la sivyo asidi itakila chote. Toa themostati, ukaiweke mahali pakavu. Funga tundu la chini, kisha mimina dawa kwa juu, pole pole, hata mashini ijae. Usifunge kifuniko, dawa itatoa mapovu na hewa, nayo sharti ipate njia. Mapovu ndiyo mazungumzo ya dawa na chokaa. Yakinyamaza, dawa imechoka au chokaa imekwisha: mwaga, tia nyingine mpya, usikilize tena. Ikiwa mpya haitoi povu, kazi imetimia. Usiiache dawa ilale usiku kucha.

Baadaye osha kwa maji mengi, ndoo kwa ndoo, mpaka yatoke meupe. Maji ya kabla ya mwisho yatiwe kijiko au viwili vya bikaboneti ya soda, ili ukali uliobaki ufe. Wenye mashini ya namna ya pili watafanya vivyo hivyo kwa kikasha chao, lakini vibomba vya shaba visichokolewe kwa chuma. Kijiti laini cha mbao chatosha, kwa kuwa shaba ile ni nyembamba kama ganda la yai na ikitoboka maji ya ndani na ya nje yatachanganyika.

Mahali pengine ambapo mafundi wengi hupasahau ni kiwiko cha bomba la moshi, pale maji ya kupoza yanapokutana na moshi. Masizi na chokaa hukutana humo na kugandamana kama saruji. Kifunguliwe mara moja kwa mwaka. Tumewahi kuona kimoja ambacho penseli haikupita.

Sasa themostati. Ni kilango kidogo chenye nta ndani yake. Mashini ikiwa baridi hufunga, ikipata moto nta hutanuka na kulango hufunguka. Wavuvi wanaoitupa huona kweli kwamba saa ya joto imeshuka, nao hufurahi. Lakini wameuficha ugonjwa. Mashini inayofanya kazi ikiwa baridi mno haiunguzi mazutu yote. Moshi huwa mwingi, mafuta machafu huteremka kando ya pistoni, silinda huliwa upesi, na mazutu hutumika zaidi kwa safari ile ile. Tena katika mashini nyingine, kilango kikitolewa, maji huchagua njia fupi ya pembeni na kuuacha upande wa silinda bila maji ya kutosha, hata ikawa moto kuliko kwanza. Njia ya haki ni kuipima. Ining’inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, mwashe jiko. Digrii za kufunguka zimechorwa juu yake; kwa mashini zinazopozwa na maji ya nje huwa mara nyingi karibu na 60, kwa zile za namna ya pili karibu na 80. Ikifunguka hapo na kufunga tena inapopoa, ni nzima, irudishwe. Isipofunguka, inunuliwe nyingine ya namba ile ile. Wanafunzi wanaweza kufanya jaribio hili darasani, na mwalimu wa fizikia hatakasirika.

Wenye mashini ya namna ya pili wasijaze maji ya ziwa ndani yake. Watumie maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu na dawa ile ya rangi iuzwayo madukani. Watu husema dawa hiyo ni ya nchi zenye barafu. Lakini pia huzuia kutu na hufanya maji yasichemke upesi, nayo hubadilishwa kila miaka miwili hivi, au kama kitabu cha mashini kinavyoagiza. Akina mama wasikilize hapa: dawa hiyo ina utamu, nayo ni sumu. Mtoto au mbuzi akiinywa aweza kufa. Isiwekwe kamwe katika chupa ya limonadi, na ile ya zamani isimwagwe ufukoni.

Mashini ikipata moto katikati ya ziwa, usizime kwa hofu kama maji bado yatoka na moshi. Punguza mwendo hata mwisho, iachie mzigo, na mara nyingi joto litashuka. Kama maji hayatoki, zima mara moja. Usifungue kifuniko chake ingali moto, kwa maana maji yamebanwa na yatakurukia usoni. Tumemjua kijana aliyepoteza jicho moja hivyo. Usimwage maji baridi juu ya chuma cha moto. Ngoja. Na kama imekataa kuwaka, usiizungushe mara nyingi bila kufunga bilula, kwa sababu pampu huendelea kuleta maji wakati hakuna moshi wa kuyasukuma nje, hata yakajaa bombani na kurudi ndani ya silinda. Baadaye chomoa kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mashini isiwashwe tena mpaka fundi aione.

Kwa kazi yote ya ukoko, kijana na baba yake watahitaji siku moja, ndoo tatu, dawa, karatasi ya kuziba na kitambaa. Siku ya kuijaribu, wasitoke mbali na gati, na wasipakie watu.

Swali lake la pili, juu ya hewa inayoingia katika bomba la mazutu, tutalijibu juma lijalo.